Sherehe za mwisho wa mwaka: Mzigo una wa kuupokea, mtoto wako je?

Novemba na Desemba ni miezi ya mavuno kwa anayevusha bidhaa mpakani. Mchele, vitenge, viatu vya mitumba, kuku na nyanya vyote vinatafutwa, na mfanyabiashara hulala Busia leo, Malaba kesho, Mutukula kesho kutwa. Ni miezi hiyo hiyo watoto wanapomaliza mitihani. Shule za Kenya hufungwa, kidato cha nne wa Tanzania huweka kalamu chini, na huko Uganda wanafunzi wa S.4 na S.6 huanza likizo ndefu wanayoiita "vac". Mzazi yuko njiani na pesa zinaingia. Mtoto yuko nyumbani, ana simu, na kila wikendi kuna mahali muziki unapigwa.

Hapa hatumwambii mzazi amfungie mtoto ndani. Kijana wa miaka 15 au 16 atatafuta wenzake, na ndivyo anavyojifunza kuishi na watu. Tunauliza nani anajua alipo, na atarudi vipi. Kwa familia za wafanyabiashara wa mipakani maswali hayo mawili yana ugumu wake, maana hata sherehe zenyewe siku hizi zinavuka mpaka.

Miaka 18 huku, 21 kule

Julai 2025 serikali ya Kenya ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Pendekezo lililozua mjadala mkubwa ni la kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera si sheria, na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataja 18. Lakini tuchukulie kwamba siku moja Bunge litakubali. Uganda umri ni 18. Tanzania ni 18. Kijana wa miaka 19 wa Busia ya Kenya akikataliwa bia mtaani kwake, atatembea dakika chache, avuke langoni au kwa njia ya panya, anunue upande wa pili bila kuvunja sheria ya umri ya huko alikonunua. Wala hatakwenda peke yake. Atakwenda na mdogo wake wa miaka 16 na marafiki wa huyo mdogo wake, na saa nane za usiku watakuwa wanatafuta bodaboda ya kuwarudisha nchi nyingine.

Marekani ilishapita njia hiyo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, majimbo mengine yaliruhusu pombe kwa mwenye miaka 18 na mengine yakashikilia 21. Vijana wakawa wanaendesha magari kuvuka mpaka wa jimbo kwenda kunywa, na wengi walikufa barabarani wakirudi, hata mipaka hiyo ikaitwa "mipaka ya damu". Mwaka 1984 ilipitishwa sheria ya kuyanyima sehemu ya fedha za barabara majimbo yatakayokataa 21, na baada ya miaka michache umri ukawa mmoja kote. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina rungu la namna hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, imewafungulia njia watu, bidhaa, huduma na mitaji. Umri wa kunywa na saa za kufunga baa kila nchi inajipangia.

Na zinapanga kweli, kila moja kivyake. Sheria ya Kenya inataka baa zifungwe saa tano usiku. Rwanda tangu Septemba 2023 inafunga saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Uganda, Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Tororo, wilaya ambayo Malaba ya Uganda imo ndani yake, alipeleka muswada wa kubana saa za kuuza pombe, na Novemba 2024 Bunge likaukataa. Aliyeleta hoja hiyo anatoka mpakani, na sidhani kama ni bahati nasibu. Watu wa mpakani ndio wanaoona kundi la vijana likihama upande mmoja taa zikizimwa na kwenda upande ambao muziki bado unalia.

Yaliyotokea kwa pombe za vifuko yanatupa kipimo kizuri. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Uganda ilifuata mwaka 2019 na kutaka chupa isipungue mililita 200. Kenya sheria yake ya 2010 ilikuwa imeshakataza vifuko. Kwa hiyo kwa takriban miaka miwili kiroba kilikuwa haramu Mutukula upande wa Tanzania na halali hatua chache upande wa Uganda. Kilichofuata hakihitaji kuelezwa kwa msomaji wa gazeti hili. Magunia ya mahindi yalibeba zaidi ya mahindi.

Kiroba kilipendwa na wanafunzi kwa sababu kilikuwa rahisi kwa bei na kinaingia ndani ya soksi. Chupa ndogo ya plastiki ya leo inafanya kazi ile ile, na isiyo na stempu ya kodi inafanya kazi mbaya zaidi. Agosti 2022, katika eneo la Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa jini yenye methanoli. Februari 2024 watu zaidi ya 15 walikufa Kirinyaga, Kenya, kwa pombe yenye sumu. Methanoli haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoua mishipa ya macho kwanza, na dalili huchelewa saa 12 mpaka siku nzima. Kijana analala akidhani amelewa tu, anaamka kesho yake anaona ukungu. Akisema macho hayaoni vizuri, hapo hakuna cha kusubiri wala cha kumwogopa baba. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi alikunywa nini, maana dawa ya methanoli ipo ikiwahiwa.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Katika sisi tunaosoma ukurasa huu wamo wanaovusha hizo chupa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000 na cheti rahisi cha asili ya bidhaa, uliwekwa kwa ajili ya mama mwenye gunia la maharage. Anayefukia chini ya maharage katoni mbili za jini isiyo na stempu anajua fika kwamba mnywaji wa mwisho hatakuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara. Atakuwa mtoto wa mtu, mwenye shilingi mia alizochangishana na wenzake. Huenda akawa mtoto wa mwenye duka la jirani sokoni.

Mlango ambao mzazi hawezi kuufunga

Ukimuuliza mzazi wa Nairobi, Kampala au Kigali anaogopa nini, atakutajia nyumba za kukodi kwa siku moja. Vijana wanachangishana kwa simu, mmoja mkubwa analipia, na wenye mtaa hawajui hata nani yumo ndani. Hatari hiyo ipo. Ila kwa mtu wa Busia, Migori, Siaya au Kilifi sherehe inayomtia mtoto hatarini haina kiingilio wala haifichwi. Ni disko matanga.

Mzee amefariki, familia haina pesa za jeneza na chakula, inakodishwa mitambo ya muziki, watu wanacheza usiku kucha na kuchanga. Kwa asili ni jambo jema la kusaidiana. Machifu na makamishna wa kaunti wamepiga marufuku mara nyingi zisizohesabika, na mitambo inaendelea kulia, kwa sababu anayepiga marufuku hajaleta jeneza. Kwa mzazi kuna ugumu mwingine tena. Sherehe ya kuzaliwa unaweza kumkatalia mtoto. Msiba wa jirani utamkatalia vipi? Bibi aliyeachiwa nyumba hawezi kusema mtoto asiende kulala matanga. Binti wa miaka 14 anaondoka na leso begani kama mtu mwenye heshima zake, na kuanzia saa sita usiku hakuna anayemtazama. Upande wa Dar es Salaam na Pwani ya Tanzania, vigodoro vina sura ya arusi au ngoma, lakini usiku wake ni ule ule.

Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 15 nchini Kenya wamewahi kupata mimba, asilimia 22 Tanzania na asilimia 24 Uganda. Si zote zimetoka kwenye muziki wa usiku, na haitakuwa haki kusema hivyo. Lakini muulize mwalimu mkuu yeyote wa wilaya za mpakani kuhusu Januari, shule zinapofunguliwa, na viti vinavyobaki wazi.

Wenye watoto wa kiume husoma takwimu hizo kama habari za watu wengine. Wanakosea. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006 inampa anayelala na mtoto wa miaka 16 au 17 kifungo kisichopungua miaka 15, na Tanzania kumbaka msichana aliye chini ya miaka 18, hata akisema aliridhia, adhabu yake ya kawaida ni miaka 30. Kijana wako wa miaka 19 aliyetoka disko na binti wa kidato cha pili amejiweka mbele ya sheria hizo, awe ananunua vinywaji au anacheza tu. Mwambie hivyo kwa lugha hiyo, na mwambie pia kwamba binti aliyelewa hawezi kukubali lolote.

Tatizo la kutegemea umri ulioandikwa kwenye sheria lilionekana vizuri mbali na kwetu. Juni 2022, katika mji wa East London, Afrika Kusini, vijana 21 walikufa usiku mmoja ndani ya baa ya mtaani, wengi wao chini ya miaka 18. Walikwenda kusherehekea kumalizika kwa mitihani. Familia ziliambiwa baadaye kwamba walikosa hewa katika msongamano. Umri wa kunywa pombe nchini humo ni 18, kama kwetu. Sheria ilikuwepo. Mtu mzima wa kusimama mlangoni na kusema "pamejaa, na wewe ni mtoto, rudi nyumbani" hakuwepo.

Mtandao mnao tayari

Mfanyabiashara wa mpakani ana kitu ambacho mzazi wa ofisini hana. Ana watu. Gunia likitoka Mbale kwenda Kisumu lina dereva anayejulikana, lina wa kulipokea Malaba, lina wa kulishusha Kisumu, na katikati kuna simu tatu. Likichelewa nusu saa mwenye mali anajua. Fedha zinakwenda kwa simu kwa mtu ambaye hujawahi kuandikishana naye mkataba, kwa sababu mnajuana. Mfumo huo huo wa kuaminiana ndio unaokosekana pale mtoto wa huyo huyo mfanyabiashara anapokwenda kwenye sherehe na mama yake yuko kilomita 200 mbali.

Anza na nyumba. Kabla mtoto hajapewa ruhusa, jina na namba ya mtu mzima atakayekuwepo pale lazima viwe mkononi mwako, na umpigie mwenyewe, usisubiri mtoto akupe simu aongee "mama wa rafiki". Sauti ya mtu mzima mwenye nyumba huitambui? Basi hakuna ruhusa. Ukiambiwa wazazi wa nyumba hiyo nao wamesafiri, nyumba hiyo haina mtu.

Halafu usafiri. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ya mzazi inapofanya kazi kubwa kuliko popote. Wengi tunamtumia mtoto pesa za matumizi na kumwachia atafute njia ya kurudi. Geuza. Mtoto apewe kidogo, na nauli ya kurudi atumiwe mwendesha bodaboda unayemfahamu kwenye kijiwe, yule yule anayekubebea mizigo, kwa saa mliyokubaliana. Saa nne usiku yupo getini. Mtoto akijua kwamba kuna mtu amelipwa na anamsubiri, ana sababu ya kuondoka bila kuchekwa na wenzake: "Boda wangu amefika." Na asipande pikipiki watu watatu, wala na dereva anayenuka pombe. Hilo limeua wengi kuliko tunavyokubali.

Jambo la laini za simu linaonekana dogo. Ukivuka Malaba unatoa laini ya Kenya na kuweka ya Uganda ili kuokoa pesa. Saa sita usiku mtoto anapiga namba anayoijua, inamwambia haipatikani. Kama simu yako ina nafasi mbili, ile ya nyumbani isizimwe siku ya sherehe. Kama haina, mtoto awe na namba zako zote mbili na ya mtu wa tatu aliye karibu, zimeandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu yake ndiyo ya kwanza kuisha chaji au kuibwa. Asiye na salio anaweza kutuma ule ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, na mkubaliane kwamba ukija usiku maana yake ni moja: nifuateni.

Akikuita, anakuja kuchukuliwa na hakuna fimbo usiku huo. Wazazi wengi wanaipinga hoja hii, na naelewa. Mtoto amekudanganya, ameonekana mahali usipomruhusu, halafu unamletea boda? Ndiyo. Maneno yasubiri hadi asubuhi, au hadi urudi safari. Mtoto anayejua kwamba kupiga simu ni kuchapwa atakaa hapo hapo mpaka alfajiri pamoja na yule anayemwogopa, au atapanda gari la yeyote.

Wakufunze watoto pia kutunzana wao kwa wao. Wanaokwenda pamoja warudi pamoja. Kinywaji ukikiacha mezani ukaenda kucheza, usikirudie. Nairobi kuwekewa dawa kwenye kinywaji wanakuita kuwekewa "mchele", na ndivyo watu wanavyoporwa na kubakwa. Mwenzao akilewa akazimia wasimwache chumbani alale. Wamlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, mmoja abaki naye, wasimpe kahawa wala kumwagia maji baridi, na kama anapumua polepole mno, amepauka au haamki akitikiswa, apelekwe hospitali. Vijana wengi hufa wakiwa wamezungukwa na marafiki walioogopa kumwita mtu mzima.

Likitokea baya la kudhulumiwa kimwili, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Fomu ya polisi inaitwa P3 Kenya, PF3 Tanzania, na Uganda ni PF3A. Kama jambo limetokea ng'ambo ya mpaka, matibabu yafanyike kwenye kituo kilicho karibu bila kubishana ni nchi gani. Kesi itafunguliwa upande lilikotokea, na hati za daktari zitafuata. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto aikariri.

Hayo ni ya nyumbani, na nyumba moja haitoshi. Vyama vya wafanyabiashara wanawake wa Busia, Namanga, Mutukula na kwingineko vimeshinda mambo magumu kuliko haya. Vimekaa na maofisa wa forodha, vimedai vyoo na maghala, vimepata madawati ya habari za biashara mpakani. Dawati hilo hilo linaweza kubandika ukutani namba za dawati la jinsia na watoto la polisi wa pande zote mbili, ambazo leo mzazi wa Busia ya Kenya akizitaka za upande wa Uganda lazima aulize watu watatu. Wenye baa walio ndani ya vyama hivyo, na wapo, wanaweza kukubaliana saa moja ya kufunga Desemba nzima pande zote mbili za lango, kabla Nairobi na Kampala hazijakubaliana lolote kuhusu 18 au 21. Wenye mitambo ya muziki pia ni wafanyabiashara, na wengi hukodishwa pande zote mbili. Matanga yanaweza kuchangiwa hadi saa nne usiku, watoto wakarudi na mama zao, kisha wazee wakakesha na marehemu wao kwa nyimbo za kanisani au dua. Mzigo wa jeneza ndio unaoifanya familia ikodi disko, kwa hiyo chama chenye mfuko wa mazishi kinaondoa sababu hiyo kwa wanachama wake, na baadhi vinao tayari.